Imeji ipi ya ruta kwa maabara ya OSPF na BGP, RAM GB 16?

Waya_Mfupi: Wakuu, nina laptopu ya RAM GB 16, Windows 11. Nataka maabara ya EVE-NG (programu ya kuendesha ruta pepe) ndani ya VMware: ruta 8, OSPF (itifaki ya njia za ndani ya mtandao) ndani, BGP (ya njia kati ya mitandao) kwenda kwa watoa huduma wawili. Katikati Cisco, pembeni MikroTik. Nichukue imeji za Cisco, CSR1000v au IOSv, au CHR ya MikroTik?

bgp_na_chai: CSR1000v isahau. Moja tu inameza GB 3 hadi 4, ukiwasha nne laptopu imekwisha. IOSv inaridhika na MB 512, na OSPF, BGP, hata MPLS (kusafirisha pakiti kwa lebo) zimo. Weka IOSv 3 katikati na CHR 5 za MB 256 pembeni. Zote pamoja hazifiki GB 3.

CHR unaipakua bure kwa MikroTik wenyewe. IOSv huja na leseni ya CML, programu ya maabara ya Cisco wenyewe. Imeji zile zinazozunguka Telegram achana nazo: si halali, na hujui nani kazichokonoa.

Waya_Mfupi: Asante mkuu. CHR naiwekaje?

bgp_na_chai: Chukua faili la .img, lifungue zipu, kisha:

`mkdir /opt/unetlab/addons/qemu/mikrotik-7`
`qemu-img convert -f raw -O qcow2 chr.img /opt/unetlab/addons/qemu/mikrotik-7/hda.qcow2`
`/opt/unetlab/wrappers/unl_wrapper -a fixpermissions`

Folda lazima ianze na `mikrotik-`, la sivyo EVE haitaitambua. Ya IOSv huanza na `vios-`, na diski yake ni `virtioa.qcow2`, si hda. Hapo ndipo wengi hukwama.

Kebo ya Bluu: Nyongeza. Leseni ya bure ya CHR inabana kila intafesi 1 Mbps kwa data inayotoka. OSPF na BGP hazitaona tofauti, ila usipime kasi na iperf halafu ulaumu ruta. Ukihitaji kasi, omba ya majaribio ya siku 60 kwa akaunti yako ya MikroTik.

Halafu usinakili amri za RouterOS 6 (RouterOS ndiyo mfumo wa MikroTik). Kwenye 7, OSPF inataka `interface-template`, na majirani wa BGP wako `/routing bgp connection`. Jirani wa OSPF akiganda ExStart (hatua ya kuanza kubadilishana taarifa), linganisha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) pande zote mbili kabla ya kukimbilia `ip ospf mtu-ignore` upande wa Cisco.

Waya_Mfupi: Nodi zinakataa kuwaka kabisa.

Kebo ya Bluu: Ndani ya EVE andika `egrep -c '(vmx|svm)' /proc/cpuinfo`. Ikitoka 0, EVE haioni msaada wa prosesa wa kuendesha mashine pepe: zima VM (mashine pepe ya EVE), washa Virtualize Intel VT-x/EPT kwenye mipangilio ya prosesa ya VMware. VMware ikigoma, Hyper-V (mfumo wa mashine pepe wa Windows) ndiyo imeshikilia: izime pamoja na Memory Integrity (kinga ya Windows inayoutumia), kisha washa upya Windows.