Miguu hainitulii nikishapanda kitandani, nisaidieni

Fundi Cherehani (Tanga): Habari za jioni wapendwa. Mchana kutwa nakanyaga cherehani na sina shida. Balaa ni saa nne usiku. Ndani ya miundi ni kama siafu wanapita; si maumivu, si ganzi. Lazima nikunje, ninyooshe, nipige teke. Nikitembea uani inaacha, nikirudi kulala dakika tano tu, haooo! Mume wangu kahamia mkekani, anasema halali na punda. Zahanati waliniambia ni wasiwasi. Wiki ya tatu sasa nameza Piriton ili nisinzie, naona ndiyo imezidi.

Nesi Mstaafu: Pole mwanangu. Hiyo Piriton iache leo. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi huwachochea hao siafu, na Plasil ya kutapika vilevile. Wala si wasiwasi, daktari Ekbom wa Sweden aliueleza ugonjwa huu wa miguu isiyotulia tangu 1945. Hedhi yako ikoje? Na chai?

Fundi Cherehani: Siku nane, nzito. Chai ya rangi kila mlo, mama, siwezi kukudanganya. Ila wekundu wa damu nilipima, 12, wakasema niko safi.

Nesi Mstaafu: Wekundu unaweza kuwa mzuri huku akiba ya madini ya chuma imekauka. Omba kipimo cha feritini, ndicho kinachoonyesha akiba hiyo. Maabara inaweza kukuandikia "kawaida", lakini kwa mwenye miguu hii, ikiwa chini ya 75 mara nyingi huanzishiwa chuma. Usijinunulie vidonge kabla ya kupima, chuma kikizidi ni sumu. Chai isogeze mbali na chakula, inazuia chuma kuingia mwilini. Na hiyo hedhi iangaliwe.

Baba Watatu: Mke wangu ilimpata akiwa na mimba ya miezi minane. Tulimpaka mafuta ya karafuu mpaka chumba kikanukia Pemba nzima, wapi! Alipojifungua ikaisha yenyewe.

Fundi Cherehani: Narudi na majibu: feritini 14! Daktari kanipa vidonge, nikapime tena baada ya miezi mitatu. Usiku wa kwanza bila Piriton sikulala hata lepe. Sasa wiki ya tano, siafu wanakuja mara mbili kwa wiki. Ila mama, choo kimekuwa cheusi, ni sawa?

Nesi Mstaafu: Ni vidonge hivyo. Kikinata kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo.