Mawakala mnaopeleka watoto wetu Kanada mwezi wa Januari na koti la mvua, nimechoka kunyamaza

Assalaamu alaykum wanajamvi. Niko Wete, likizo. Kaskazi imeshika, feni inazunguka juu ya kichwa, na bado mikono inanitetemeka kwa hasira. Nivumilieni, uzi utakuwa mrefu.

Jana baada ya Magharibi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinifungulia begi lake anionyeshe maandalizi. Ana miaka 19. Anaondoka Januari kwenda kusoma Edmonton, mji uleule ninaosoma mimi. Ndani ya begi mna sweta mbili za pamba, raba nyeupe, glovu za kufuma ambazo ukizinyanyua unaona taa upande wa pili, na koti jeusi la kung'aa alilouziwa na wakala kwa shilingi 180,000. Nililijua lile koti kabla sijalishika. Zipu ileile ya plastiki, kitambaa kilekile kinacholia kama mfuko wa rambo, na sponji ndani nyembamba kama ya kuoshea vyombo. Ndilo nililouziwa mimi miaka minne iliyopita, na ofisi ileile, kule Unguja.

Nikamuuliza, wamekwambia nini kuhusu baridi? Akanijibu, "Dada, wamesema ni kama Arusha mwezi wa saba, imezidi kidogo tu. Wamesema mwili unazoea."

Wallahi nilikaa chini. Maneno yaleyale niliyoambiwa mimi. Miaka minne wanachukua pesa za watu na hawajabadilisha hata neno moja.

Sitaitaja ofisi. Wenyewe wakisoma watajijua.

Sasa tuhesabu, maana hawa wanategemea kuwa sisi huku hatuna cha kulinganisha. Hapa visiwani kipupwe kikishuka kwenye nyuzi 20 wazee wanajifunika shuka mbili na kulalamika viungo. Arusha mwezi wa saba, usiku, ni kama 12 au 13. Edmonton usiku wa Januari wastani wake ni kama 15 chini ya sifuri, na ikija wiki mbaya inapita 30 chini ya sifuri. Kutoka Arusha hadi usiku kama huo ni zaidi ya nyuzi 40. Kutoka jua la Wete la saa saba mchana hadi ndani ya friji yako hazifiki 30. Hiyo ndiyo "imezidi kidogo".

Mimi nilitua saa tano usiku, ilikuwa -29. Nimevaa lile koti, viatu vya ngozi vya kuendea harusini, na ushungi wa pamba. Nilipotoka mlangoni nilivuta pumzi ya kwanza, nikahisi vinyweleo vya puani vinashikana. Nikadhani naumwa. Mpaka namfikia aliyenipokea kwenye maegesho, ushungi ulikuwa umelowa pumzi kwenye kidevu na umeganda, mgumu kama pweza mkavu. Nikaugusa ukagonga. Hilo bado silisahau, nguo yako mwenyewe kugonga kama ubao.

Siku ya tatu ndiyo iliyoniumiza. Nilisimama kituoni kungoja basi, upepo upo, simu ikiwa na chaji zaidi ya nusu. Ikazimika mkononi. Hakuna aliyeniambia kwamba betri za simu zinalala kwenye baridi, kwamba simu inakaa mfuko wa ndani karibu na mwili. Basi sikujua limechelewa au limeshapita. Nikangoja. Masikio yalianza kuuma vibaya, halafu yakaacha kuuma, nami nikasema alhamdulillahi, nimeanza kuzoea. Jamani! Kuacha kuuma ndiyo hatari yenyewe. Ngozi ilikuwa inaganda. Kule idara ya hali ya hewa inatangaza baridi pamoja na upepo wake, na ikifika kati ya -28 na -39 ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Wanafunzi wenyeji wanalijua hilo tangu skuli ya msingi. Mimi niliyelipa milioni na laki tano za "huduma na semina ya maandalizi" sikulijua.

Nilipofika ndani nikafanya jambo baya zaidi: nikayasugua masikio kwa nguvu, kisha nikakimbilia maji ya moto. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba sehemu iliyoganda haisuguliwi, na maji ya moto yanaunguza ngozi isiyohisi kitu. Inatiwa joto pole pole, maji ya uvuguvugu tu, na vidole unavibana kwapani. Sikio la kushoto lilitoka malengelenge, ngozi ikaambuka. Mpaka leo ikija baridi kidogo linaniuma pale pale.

Halafu mtu anakaa ofisini na kiyoyozi chake anasema "mwili unazoea". Mwili hauzoei -30. Hakuna Mkanada aliyezoea -30. Anavaa! Tofauti yake na mimi haikuwa damu wala mazoea, ilikuwa ni kwamba yeye aliambiwa avae nini.

Aliyeniambia mimi ni bibi mmoja wa Kisomali, jirani, aliyenikuta nalia kwenye ngazi. Akanishika mkono Jumamosi ile akanipeleka kwenye maduka ya mitumba ya kule. Ndiyo, mitumba, nguo nzuri mno kwa bei ya chini kuliko lile koti la sponji. Akanifundisha kama unavyomfundisha mtoto. Pamba iache Pemba, kwa sababu pamba inanyonya jasho, inakaa na maji, na maji yakipoa juu ya ngozi yanakumaliza. Ya kugusa mwili iwe sufu au kitambaa cha polista, juu yake kitu kizito chenye manyoya, na juu kabisa koti la kuzuia upepo linalofika mapajani. Viatu ni buti, tena ziwe kubwa kidogo ili vidole vicheze ndani, maana buti ikibana damu haipiti na mguu unaganda hata ukiwa na soksi tatu. Mikononi glovu za vidole pamoja zina joto zaidi kuliko za kidole kimoja kimoja, vidole vinapeana joto. Na kwenye barafu unatembea kama bata: hatua fupi, mguu mzima chini, mikono nje ya mifuko. Nilianguka mara nne kabla sijalijua hilo.

Yapo pia yanayotuhusu sisi Waislamu, na wakala ni Muislamu mwenzetu. Desemba kule jua linatoka saa tatu kasoro asubuhi na kuzama saa kumi na robo. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaingia ndani ya saa nne, na wewe uko darasani au ndani ya basi. Kutia udhu kwenye choo cha chuo, mguu juu ya sinki, kisha utoke nje na soksi mbichi? Kumbe dini imeshatupa nafasi. Kuna kupukusa khofu, yaani badala ya kuosha miguu unapitisha mkono wenye maji juu ya zile soksi za ngozi zinazofunika vifundo. Unazivaa ukiwa na udhu, na kwa mkaazi inakutosha siku moja na usiku wake. Chuo cha Kurani nimejifunza hilo tangu mdogo na sikuwahi kufikiri litanifaa. Msikiti upo, tena wa zamani: Al Rashid wa Edmonton ulijengwa 1938, wa kwanza Kanada nzima. Wakala alituambia "msikiti mtautafuta wenyewe".

Na jua. Mtu mweusi kutoka Pemba anakwenda mahali ambapo tangu kama Oktoba hadi Machi jua liko chini mno hata haliwezi kumtengenezea mtu vitamini D ngozini. Ngozi yetu yenyewe inahitaji jua jingi zaidi. Mwaka wa kwanza nililala saa 12 kwa siku na nikiamka nimechoka, silii wala sicheki. Nilidhani nimerogwa, na nyumbani wakaanza kunisomea. Ilikuwa kiza. Vidonge vya vitamini D, na taa maalumu nyeupe kali ya kukaa mbele yake nusu saa asubuhi, vikanirudisha. Nani aliyenitajia hayo kwenye semina ya saa mbili?

Na ninachowadai zaidi ni hiki: waliniibia msimu mzima. Maana theluji ni nzuri, ndugu zangu. Nasema kweli. Mwaka wa pili, nimevaa sawasawa, nilitoka asubuhi baada ya theluji ya usiku na mji mzima ulikuwa kimya, kwa sababu theluji mpya inameza sauti. Ikiwa baridi kali, ukiikanyaga inalia chini ya buti kama unga wa muhogo ukiubana kiganjani. Punje zikidondoka kwenye glovu nyeusi unaziona moja moja, kila moja na ncha sita, unakaa unatazama mpaka zinayeyuka.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Kojani. Mwaka ule wenzangu wa darasani wakanichukua kuvua ziwani, juu ya barafu, kwa leseni zetu. Wanapima kwanza: sentimita 15 ndiyo inayomchukua mtu mmoja anayetembea, sisi tulikuwa wengi kwa hiyo walitaka 20 na kuendelea. Wakatoboa tundu kwa keke kubwa ya mkono, tukakaa kwenye ndoo zilizofunikwa, mshipi mmoja mmoja mkononi, chai kwenye chupa. Nikatoa samaki mrefu mwenye meno, umbo lake karibu na mzia. Nikampigia baba kwa video. Akaangalia lile tundu, akasema, "Yakhe, maji yameganda hivyo na samaki yuko hai chini?" Nikamweleza kwamba barafu inaelea, inakuwa kama blanketi, na maji mazito kabisa ni yale ya nyuzi 4 ambayo yanakaa chini, samaki anaishi humo. Akanyamaza. Kisha akauliza natumia chambo gani. Tukazungumza saa nzima, mimi nimekaa juu ya ziwa kwenye -12, na sikusikia baridi.

Hayo ningeyapata mwaka wa kwanza. Badala yake niliupitisha ndani ya chumba, dirisha limefungwa, napiga picha za sekunde kumi kwenye theluji natabasamu nizitume nyumbani, kisha nakimbilia ndani. Na hili linatuhusu tulioko huko wote: picha zile zinawasaidia mawakala. Mama mdogo alinionyesha picha yangu mwenyewe akasema, "Mbona wewe hukuvaa sana na ulikuwa unacheka?"

Leo asubuhi niliwapigia. Nikajieleza kwa adabu, nikaomba wabadilishe orodha ya vitu na warudishe pesa ya koti. Dada aliyepokea akaniambia, "Kila mtu ana mwili wake. Wengine hawalalamiki." Akakata.

Hawalalamiki kwa sababu mzazi ameuza shamba la mikarafuu, na mtoto anaona haya kusema anateseka. Mnalijua hilo vizuri.

Ninachotaka ni karatasi moja ya kweli, apewe kila mtoto kabla hajalipa, na koti lile liitwe koti la mvua na liuzwe kwa bei ya koti la mvua. Aliyeuziwa kama sisi aandike hapa chini, mwaka na mji aliopelekwa, tuwe wengi twende pamoja kwenye ofisi inayohusika.

Na kwa mliorejea kutoka nchi za baridi: mdogo wangu anavaa buti namba 38. Nilizokuja nazo mimi ni 41, hazimfai. Mwenye buti za theluji zilizolala kabatini, Unguja au Pemba, aniandikie faragha, nitazinunua. Anapanda boti tarehe 4.