Acheni kutusukumia oili ya sintetiki kwenye matrekta ya zamani bila hata kuuliza injini ikoje!

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Trekta langu ni la mwaka 1974, dizeli, silinda tatu, halina turbo. Miaka yote natumia oili ya kawaida ya 15W-40 (namba ya kwanza ni ya oili ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto), namwaga kila baada ya saa 250 za injini kufanya kazi, na halijawahi kunilaza shambani. Msimu uliopita nimeenda kununua oili, muuzaji akanikalia kooni: "Mzee, hiyo inakuulia injini. Chukua sintetiki 5W-40, uisahau mpaka saa 500." Hakuuliza injini ina umri gani, inavuja wapi, inakula oili kiasi gani. Fundi wangu naye akaitikia. Nikanunua.

Wiki ya pili nikakuta doa jeusi chini, pale injini inapoungana na gia boksi. Sili ya nyuma ya kranki, ile ya kuzuia oili isitoke pale shafti inapotokeza kwenye injini, ilishachoka, uchafu wa miaka ndio uliokuwa umeiziba. Oili mpya ikausafisha, na asubuhi injini ikiwa baridi 5W inatiririka kirahisi kuliko 15W, basi ikapata njia. Siilaumu oili kwa sili mbovu. Nawalaumu watu wanaojua hili na wakanyamaza.

Hilo hata ni dogo. Kilichonichefua ni hizo saa 500. Kwenye saa ya 140 hivi nachomoa kijiti cha kupimia, oili imepita alama ya juu! Injini inavuja, halafu oili inaongezeka? Nikaisugua kwa vidole: nyepesi kama maji, inanuka dizeli. Kiwambo cha ile pampu ndogo ya kuvuta dizeli kutoka kwenye tangi kilikuwa kimepasuka, dizeli inashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ningeisahau kama nilivyoambiwa, beringi zote zingekwisha. Oili ikishachanganyika na dizeli hivyo hailindi kitu, iwe sintetiki iwe ya kawaida. Na injini yenye ringi za pistoni zilizochoka inajaza oili masizi vilevile, hata uilipie mara tatu.

Wale wa upande wa pili nao, wanaosema sintetiki ni nyepesi mno kwa injini ya zamani, wanapotosha. Kwenye nyuzi 100 za joto, 5W-40 na 15W-40 ziko daraja moja, 40. Tofauti yao iko kwenye baridi. Anayewasha trekta kwenye baridi ya kugandisha, au mwenye turbo, sintetiki inamfaa kweli. Mimi nilikuwa nalipia nisichokihitaji.

Geuzeni dumu msome herufi za API, yaani daraja la ubora wa oili: zinazoanza na C ni za dizeli, S za petroli. 15W-40 ya kawaida yenye CI-4 inazipita mbali oili zilizokuwepo trekta langu likitoka kiwandani. Muuzaji anayejua kazi angeanzia hapo.

Nimebadilisha pampu, nimemwaga sintetiki yote, nimerudi kwenye 15W-40 yangu. Sili bado inadondosha, na kuifikia ni mpaka trekta litenganishwe katikati, injini kule, gia boksi huku, msimu wa kulima ndio huu!

Wauzaji na mafundi mliomo humu, nijibuni: kwa nini hamkuniambia hata nichomoe kijiti ninuse?