Binti alizimia akiogelea, kipimo cha umeme wa moyo (ECG) chasema QTc 490. Naombeni ushauri

MamaKisauni: Assalaam aleikum jamani. Binti yangu wa miaka 14 alizimia ghafla akiogelea Nyali. Alhamdulillahi nduguye alimuwahi. Daktari amesema umeme wa moyo wake wachelewa kujirudisha baada ya pigo, akatuandikia tumwone mtaalamu wiki ijayo. Usingizi sipati. Kuchelewa kidogo hivyo kwadhuru? Pia ana kikohozi, nimnunulie antibayotiki?

Muuguzi_Likoni: Pole sana dadangu. QTc ni muda umeme wa moyo unaochukua kupiga na kujirudisha, ukishalinganishwa na kasi ya mapigo. Hizo 490 ni milisekunde. Kwa mwanamke, ikipita 460 yahesabiwa ndefu, na kuanzia 500 hatari huongezeka zaidi. Lakini urefu si habari yote. Kila sehemu ya moyo ikishapiga hujirudisha kabla ya kupiga tena, na shida ni pale sehemu moja ishakuwa tayari na jirani yake bado. Pigo la mapema likiangukia hapo, umeme huzuiwa upande huu, hupitia ule, kisha hurudi kuzunguka. Mapigo huenda mbio yakijipindapinda kwenye karatasi ya ECG. Daktari Mfaransa, Dessertenne, aliyaita torsade de pointes mwaka 1966. Damu haifiki kichwani, mtu azimia. Mara nyingi hukoma yenyewe. Isipokoma, moyo hubaki kutetemeka tu na mtu hufa kwa dakika chache. Kwa hivyo wiki ijayo naiona mbali mno. Kesho asubuhi rudini kwa daktari, mwambie wazi kwamba alizimia akiwa majini.

Duka_la_Dawa_Tudor: Antibayotiki usinunue kwa kukisia, mama. Erithromaisini na klarithromaisini hurefusha muda huo wa QT, hata klorokwini na kwinini. Akitapika au kuharisha pia muwahishe, madini ya potasiamu yakishuka mwilini moyo huu huteseka.

Mjomba_Bamburi: Mpwa wangu alitibiwa kifafa miaka mingi kabla ya mtu kumpima ECG. Ikaonekana ni QT ndefu. Sasa yuko kwa propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, na anasoma vizuri. Wapimeni nduguze na nyinyi wazazi, mara nyingi ni ya kurithi, na mzazi akiwa nayo kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu.

MamaKisauni: Shukran sana. Baharini haendi, na asubuhi tuko njiani na nduguye. Muuguzi, huyu huamshwa na kengele kali ya simu alfajiri. Yafaa?

Muuguzi_Likoni: Izime. QT ndefu ina aina kadhaa: kuzimia majini huelekea zaidi aina ya kwanza, na kelele za ghafla husumbua aina ya pili, lakini yake bado haijajulikana. Mwamshe wewe, taratibu.