Kocha kala pilau yangu, halafu kamrudisha mwanangu njiani. Makocha wa besiboli wa chuo hiki wana laana gani?

BiMkubwa_Mahindini

Wakuu, mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa maisha ya ughaibuni. Unajitegemea. Naandika nikiwa nimeegesha gari kituo cha mafuta, nusu ya safari, maana nikiendelea kuendesha na hasira hizi nitagonga ng'ombe wa watu.

Huyo mzee mnamjua. Kila chuo kidogo huku Marekani kinaye wake. Mzee wa mbegu za alizeti, shavu moja limevimba kama ana jipu, anatema maganda tangu mchezo unaanza mpaka taa zinazimwa. Pale anapokaa ungeleta kuku wangenenepa kabla ya Pasaka. Simtaji. Anajijua, na mkewe anamjua zaidi.

Leo ilikuwa siku ya kuwaaga vijana wa mwaka wa nne. Mzazi unaitwa katikati ya uwanja, mnasimama na mwanao, unapewa ua moja (MOJA), mnapigwa picha. Nimeamka saa tisa usiku kupika pilau, sufuria ile ya shughuli. Nimeendesha maili 210. Aprili ya Iowa nayo haina huruma, upepo unakata masikio, nimefunga khanga juu ya koti na koti juu ya khanga. Pilau nikaikabidhi kwa heshima zote, nikasema hii ni ya vijana, baada ya mchezo. Baada ya mchezo. Nilirudia mara mbili.

Sasa sikieni.

Iningi ya tisa, yaani zamu ya mwisho. Tumefungwa 11 kwa 3. Wawili wameshatolewa, akitolewa mmoja tunafungasha virago. Hapo hakuna cha kupoteza, hata mimi na khanga yangu ningeingizwa. Mwanangu akaitwa. Miaka minne ya kuokota mipira na kushangilia watoto wa wenzangu, leo ameitwa. Akavaa helmeti, akashika gongo, akatoka. Mimi niko juu ya kiti, simu inarekodi, nalia kama niko harusini.

Zimebaki hatua sita hivi afike, yule mzee akapiga mluzi. Akamrudisha. Kwa kidole, kama unavyomwita mhudumu akuletee chumvi. Nikageuza simu nimwone: kijiko kiko mdomoni. PILAU YANGU. Mchezo unaendelea, mtu kapakata sahani kwenye benchi anakula chakula cha watoto, na kidole hicho hicho chenye mafuta ya nyama yangu ndicho kilichomrudisha mwanangu.

Pale anaposimama mpigaji, Wamarekani wanapaita sahani. Basi mwanangu hakufika kwenye sahani, kwa sababu sahani alikuwa nayo kocha.

Akaingizwa nani? Katoto ka mwaka wa kwanza, eti kanaandaliwa kwa mwakani. Kakasimama kama nguzo ya umeme. Straiki, straiki, straiki, yaani mipira mitatu mizuri imempita, bega halikutikisika. Kwisha.

Wasaidizi wake ndio usiseme. Wako watatu. Wa warushaji ana tableti, haangalii uwanjani hata mpira umpige. Wa kona ya tatu kazi yake ni ishara: anashika pua, sikio, kofia, mkanda, goti, utadhani kaingiliwa na siafu, halafu anamtuma mkimbiaji nyumbani, yaani kwenye ile sahani ya kufungia pointi, anakuta mpira umeshafika unamsubiri. Wa tatu anabeba ndoo. Miaka minne sijamwona bila ile ndoo na sijui ndani mna nini.

Lakini kijiko, wakuu. Kijiko.

Mwanangu hakusema neno. Alirudi, akatundika helmeti kwenye kile kishimo chake, akavua glavu za mkononi taratibu, kile kikanda kinacholia kraa, cha kulia, halafu cha kushoto. Akakaa. Nilikuwa ng'ambo ya waya na nimeisikia ile kraa mbili zote.

Na bado. Mchezo umekwisha, nikamwona mzee anakuja. Nikasema anakuja kuomba radhi. Kaniletea sufuria. Tupu. Akaniuliza ile rangi ya kahawia inatokana na nini.

Kigoda_cha_Mbele

Nakaa hapa. Nani ana karanga?

MtotoWaTemeke

Alishika gongo au alikunywa gongo? Kama alikunywa, kocha yuko sahihi kumrudisha.

BiMkubwa_Mahindini

@MtotoWaTemeke nilijua tu utakuja. Gongo la kupigia mpira, kichwa maji wewe.

Mzee_wa_Kanuni

Mama pole, ila kwa faida ya wengine niweke sawa. Kocha akishamtangazia mwamuzi mpigaji wa akiba, basi huyo ameshaingia, hata asipopigiwa mpira. Akimtoa ndiyo basi tena, harudi mchezoni. Kwa hiyo swali la msingi: je, mwamuzi alikuwa ameshaambiwa? Kama bado, kisheria kocha ana haki ya kubadili mawazo.

BiMkubwa_Mahindini

@Mzee_wa_Kanuni na kijiko kipo kanuni namba ngapi?

Mzee_wa_Kanuni

Kijiko sijakiona kwenye kitabu.

Baba_Ada

Hivi chuo chenyewe ni daraja la tatu la NCAA, kile chama cha michezo ya vyuo? Kama ndivyo, mjue daraja hilo haliruhusu ufadhili wa michezo hata senti. Kijana anacheza kwa ada ya mzazi, labda na msaada wa masomo kama ana alama. Timu ya mwanangu ina vijana 46, uwanjani wanaingia tisa. Niliwahi kujiuliza wale wengine wa nini, mpaka nilipopiga hesabu ya ada mara 46. Besiboli hapo ni dirisha la malipo. Kocha hakuajiriwa kushinda, kaajiriwa kujaza mabweni.

BiMkubwa_Mahindini

Kwa hiyo nimelipa miaka minne mwanangu akaitwe kwa kidole. Cha mafuta. Asante kwa kunifafanulia, sasa hasira zimepanda mara mbili.

Pembe_la_Ndovu

Nisaidieni. Umefungua uzi mrefu kama wosia kwa ajili ya mtu ambaye hakupiga mpira, katika mchezo ambao tayari tumefungwa, wa mpira ambao hapa jukwaani tunaouelewa ni wanne. Angepiga angefunga nane?

BiMkubwa_Mahindini

Angepiga ningekuwa na video. Sasa hivi nina video ya mzee anatafuna.

Pembe_la_Ndovu

Itupie. Uzi bila picha haunogi.

Kizaazaa_Eldoret

Mama wacha nikuambie, afadhali wako amekaa kwenye benchi akapumzika. Wangu ako chuo kidogo huko Kansas, mbio. Kocha alimwona tu ni Mkenya akaamua hakuna haja ya kuajiri wengine. Ijumaa mita 10,000, Jumamosi asubuhi kuruka viunzi na maji, jioni 5,000. Mtoto amenipigia simu analala akiongea. Huyo kocha wangu naye haendi popote bila kiti cha kukunja. Ananyoosha miguu, anampigia kelele mtu ambaye amekimbia tangu jana.

Jangwani_Daima

Nyie wa ughaibuni mnadeka. Sisi kocha wetu wikendi iliyopita kamtoa mfungaji dakika ya 60 tunaongoza bao moja, akajaza mabeki sita. Matokeo mnayajua. Na yule naye hatumtaji.

MtotoWaTemeke

@Jangwani_Daima mlibebwa hata hilo moja.

Jangwani_Daima

Haya, wa Msimbazi wameamka. Nani kawaita?

Mwana_wa_Lugazi

Sisi Uganda tunaujua huu mchezo kabla yenu, msituambie kitu. 2012 watoto wa Lugazi walifika Williamsport, Pennsylvania, michuano ya dunia ya watoto, timu ya kwanza kutoka Afrika, na wakashinda mechi mbele ya Wamarekani wa Oregon. Lakini mwaka mmoja kabla, 2011, watoto wengine wa Kampala walifuzu vilevile na wakanyimwa viza. Mama, wako karudishwa hatua sita. Wetu walirudishwa ubalozini.

BiMkubwa_Mahindini

@Mwana_wa_Lugazi hiyo imenichoma kweli. Ila afisa wa ubalozi hakuwa anakula chakula ulichompikia.

Mwana_wa_Lugazi

Hilo sina uhakika nalo.

Shemeji_wa_Wote

Mimi nimekwama palepale kwenye ndoo. Ndani mna nini?

Mzee_wa_Kanuni

Mipira ya mazoezi. Na ikifunikwa inakuwa kiti.

Shemeji_wa_Wote

Miaka minne mama wa watu anaumia na ndoo, kumbe kiti.

Kizaazaa_Eldoret

Tuongee ukweli lakini. Pilau ya kahawia? Ya kwetu inakuwa hivyo kwa kitunguu. Mkitia ile rangi ya dukani msituambie ni pilau.

BiMkubwa_Mahindini

RANGI YA DUKANI?? Mimi? Kitunguu nakikaanga mpaka kinataka kuungua, ndipo natia kitunguu saumu na tangawizi, nyama nimeshaichemsha pembeni na supu yake naitunza. Usinitukane, leo nimeshatukanwa vya kutosha.

Bi_Chuchu_Tanga

Hapo kwenye supu umesema kweli, shoga. Wengi wanamwaga supu wanatia maji ya bomba halafu wanalalamika pilau haina ladha. Nazi je, unatia?

Kizaazaa_Eldoret

Nazi kwenye pilau? Mods fungeni uzi.

Bi_Chuchu_Tanga

@Kizaazaa_Eldoret wewe kimbia, mapishi tuachie.

Baba_Ada

Samahani kuwaingilia, mimi niko Ohio. Bizari nzima na iliki mnapata wapi bila kuuziwa kijipakti kimoja kwa bei ya kiatu?

Shemeji_wa_Wote

Maduka ya Wahindi au ya Wasomali, Columbus yamejaa. Usinunue supamaketi.

Jangwani_Daima

Na mchele?

BiMkubwa_Mahindini

Basmati. Loweka nusu saa tu, ukizidisha unakatika. Na ukishakauka usikoroge tena, funika, punguza moto kabisa. Narudi barabarani, nikifika nitawawekea vipimo.

MtotoWaTemeke

Vipimo vya watu wangapi?

BiMkubwa_Mahindini

Watu 46. Au kocha mmoja.