Mpwa wangu wa miaka 15 yuko kiwandani

Hamjambo wanachama, naomba ushauri. Mpwa wangu, miaka 15, anashona kola kwenye kiwanda cha nguo huku Athi River, kwa kitambulisho cha dadake mkubwa. Anaingia saa moja asubuhi. Tageti isipofika, hatoki hadi saa mbili usiku, bila ovataimu. Nilimwendea supavaiza, akasema kadi inaonyesha ni mtu mzima. Sheria ya Ajira ya 2007 inawaruhusu wa miaka 13 hadi 16 kazi nyepesi tu, na hii jamani si nyepesi.

Nianzie kwa afisa wa leba au nipige 116, ile simu ya kusaidia watoto? Na mshahara wa miezi miwili anaodai, ataupata, au kile kitambulisho kitawaponza wote wawili?