Kishikwambi safarini Mafia: nikilinde vipi na maji ya bahari?

mama_wawili

Habari zenu wadau. Mwezi wa 11 tunakwenda Mafia siku nne, mimi na mzee na watoto wawili. Tunavuka kwa boti kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, na siku moja tutatoka baharini kuangalia papa potwe. Kishikwambi chetu ni iPad ya kizazi cha 10, hakina kinga yoyote ya maji. Ndani kuna masomo ya mkubwa na picha za familia, na watoto watataka kukitumia hata ufukweni.

Naomba mnisaidie: ninunue ile mifuko ya plastiki angavu ya kuvaa shingoni, au begi la kuzuia maji? Na kikilowa, nifanye nini kwanza? Kila mtu ananiambia mchele.

Demani

Dada, umefanya vyema kuuliza mapema. Kusafirisha ni jambo moja na kutumia ufukweni ni jingine, usitegemee mfuko mmoja kwa yote mawili.

Kwa boti, tafuta begi la kukunja mdomo la lita 10. La lita 5 linaweza kuipokea iPad kwa kubana, lakini mdomo unaobaki ni mfupi, na kinachozuia maji ni mikunjo yenyewe. Kunja mara tatu kwa uchache, mara nne ni bora, mikunjo iwe imenyooka na kubana, ndipo ufunge kifungo. Kabla ya kukunja pitisha kitambaa kikavu kwenye mdomo ndani na nje. Chembe moja ya mchanga au uzi wa kanga ukinaswa kwenye mkunjo unaacha njia ya maji, na njia hiyo huioni kwa macho. Ndani ya begi, iPad iwe kwenye kava lake, kisha kwenye mfuko mwingine wa plastiki wenye zipu. Begi hizi zimetengenezwa kwa mvua, mawimbi na kuanguka majini kwa muda mfupi. Si za kuzamisha, ndiyo maana ile tabaka ya pili.

Usikamue hewa yote. iPad hiyo ina uzito wa gramu 477, na ukizidisha vipimo vyake, sentimita 24.9 kwa 18 kwa 0.7, ujazo wake ni kama mililita 313. Kwa hiyo peke yake inazama, na kava likiongezeka inazama haraka zaidi. Ukiacha hewa ya nusu lita hadi lita moja ndani ya begi, litaelea hata likiporomoka kutoka botini. Ile mifuko angavu ya shingoni inabana kioo na haina hewa, ikikatika kamba ndiyo basi.

Jaribu nyumbani kabla ya safari. Weka tishu kavu na kokoto za uzito wa nusu kilo ndani ya begi, kunja, lizamishe kwenye beseni kwa dakika 30 ukiwa umelikandamiza chini. Viputo vikitoka, tazama vinatoka wapi. Likifunguliwa na tishu ina doa la unyevu, usilibebe. Mfuko wa zipu upimwe hivyohivyo peke yake. Rambo usihesabu hata kidogo: kwanza mifuko ya kubebea ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, na hata kama ungeipata, fundo si kizibo cha maji.

Botini usikae omo, yaani mbele, ndiko mawimbi yanakopasukia. Kaa karibu na tezi, yaani nyuma, upande wa demani (uliokingwa na upepo), kwa sababu rasharasha inatoka joshini, upepo unakotokea. Begi lisikae sakafuni maana maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ya chombo, yanazunguka huko, na mara nyingi yamechanganyika na mafuta ya injini. Lipakate, kamba yake iwe mkononi.

Siku ya papa potwe kiacheni chumbani. Nyote mtakuwa majini, na begi litabaki botini bila mtu wa kulitazama.

Mkwezi41

Nakubaliana na Demani, naongeza mambo ambayo watu hawayahesabu kama maji.

La kwanza ni jasho. Chumba chenye kiyoyozi kikiwa nyuzi 20, ukatoka na kishikwambi kwenye hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, mvuke unaanza kugeuka maji kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Kioo kinalowa umande nje, na hewa inayoingia kwenye matundu ya spika na chaji inalowesha ndani vilevile. Kwa hiyo kifungieni kwenye mfuko wa zipu mkiwa bado chumbani, tokeni nacho kimefungwa, na msiufungue kwa dakika 20 hadi 30 mpaka kipate joto la nje. Kipakiti cha silika (punje za kuvuta unyevu) ndani ya mfuko kinasaidia, ilimradi bado kikavu. Ile yenye punje za buluu ikigeuka waridi imeshiba, haivuti tena.

La pili ni joto. Apple wanaandika itumike katika nyuzi 0 hadi 35. Mfuko uliofungwa juani unafanya kazi kama chungu chenye kifuniko, joto linaingia na halipati pa kutokea. Kitajifunga chenyewe na kuonyesha onyo la joto, na betri inachakaa. Kivuli cha mnazi hakitoshi, kwa sababu jua linahama na kivuli kinahama nalo. Kifunikeni kanga nyeupe, au kirudi ndani saa tano hadi saa tisa.

La tatu ni bamvua. Uliza siku mtakazokuwepo mwezi umefikia wapi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndipo maji yanapokupwa mbali sana na kujaa juu sana, na kwenye pwani yetu tofauti hiyo inaweza kufika karibu mita 4. Mkoba ulioachwa mchangani maji yakiwa yamekupwa, saa tatu baadaye uko ndani ya maji. Angalia mstari wa mwani mkavu ufukweni, huo ndio mpaka wa maji ya mwisho kujaa. Vitu vyote viwe juu yake.

Na kikiangukia baharini, kisuuze papo hapo kwenye ndoo ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) kutoa chumvi.

FundiBodi

Mkuu Mkwezi41, hapo mwisho pana hatari. Kusuuza ni kwa kifaa chenye kinga ya maji. Kisicho na kinga, ukikizamisha kwenye ndoo betri ikiwa imeunganishwa unaongeza maji ndani na kuisambaza chumvi ifike ambako haikuwa imefika. Wazo lako la kutoa chumvi ni sahihi, ila linafanyika betri ikishachomolewa, na kwa iPad hiyo ina maana kioo kibanduliwe kwa joto kwa sababu kimegundishwa. Si kazi ya kufanya kwenye baraza ya hoteli.

Dada, kikilowa maji ya bahari fuata hivi. Zima kabisa, kuzima kioo peke yake hakutoshi: shikilia kitufe cha juu pamoja na kimoja cha sauti mpaka alama ya kuzima itokee, kisha ivute. Vua kava. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kishike tundu la chaji likiangalia chini, kipige-pige taratibu kwenye kiganja maji yatoke. Kisimamishe hivyohivyo mbele ya feni ya kawaida. Usitumie mashine ya kukaushia nywele, joto lake linalegeza gundi ya kioo na upepo wake unayasukuma maji ndani zaidi. Usiwashe kuona kama kimepona, na usichomeke chaja. Hilo la chaja ndilo linalomaliza bodi nyingi (saketi kuu ya ndani ya kifaa): umeme ukipita kwenye pini zilizolowa chumvi, shaba inaliwa kwa dakika chache, unaona pini nyeusi na ukungu wa kijani.

Mchele uacheni jikoni. Hauvuti maji yaliyo chini ya vifuniko vya bodi, na unga wake na vipande vyake vinaingia kwenye matundu. Apple wenyewe wamekataza wenye iPhone kuutumia. Zaidi ya hayo, tuseme hata maji yakauke yote: chumvi imebaki. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na chumvi hiyo inavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo pwani bodi inalowa upya kila usiku. Ndiyo sababu kifaa kinawaka vizuri siku ya pili, halafu kinakufa baada ya wiki mbili, na mwenyewe anashangaa.

Kwa hiyo kikishaingia maji ya bahari, hata kama kinaonekana kizima, kipelekwe kwa fundi wa bodi mapema iwezekanavyo, kikiwa kimezimwa. Mwambie wazi kuwa ni maji ya chumvi. Atakifungua, atachomoa betri kwanza, atavua vifuniko vya chuma na kuosha bodi kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Akikwambia atapuliza tu kwa joto, mtafute mwingine.

mama_wawili

Ahsanteni sana, nimeandika yote. Shemeji anataka kutuazima Galaxy Tab S9, anasema ina IP68 na haiogopi maji. Je, tukichukua hiyo tuache haya mambo ya mifuko?

FundiBodi

Hapana dada. Kipimo cha IP, yaani cha kuzuia vumbi na maji, kinafanywa kwenye maji baridi yaliyotulia, kifaa kikiwa kipya. Samsung wanaitaja S9 kwa mita 1.5 kwa dakika 30, na wao wenyewe wanaonya isitumike ufukweni wala kwenye bwawa la kuogelea. Kuona tofauti ya chumvi, chukua Kindle Paperwhite tangu toleo la 2018: Amazon wanairuhusu mita 2 kwa dakika 60 kwenye maji baridi, lakini maji ya bahari ni robo mita kwa dakika 3.

Tena ile 8 ya IP68 haina maana kwamba inahimili maji ya kurushwa kwa nguvu, hicho ni kipimo kingine. Bomba la kuoshea miguu ufukweni msilielekeze kwenye matundu. Na kama kioo chake kiliwahi kupasuka au kubadilishwa, ihesabuni haina kinga, kwa sababu gundi ya kiwandani imeshavurugwa.

Faida yake ipo. Ikirushiwa maji ya bahari hiyo ndiyo ya kufuata ushauri wa Mkwezi41: mwagia maji baridi kidogo kidogo kutoka kwenye kikombe, futa, isimamishe tundu la chaji likiwa chini, acha saa tano au zaidi kabla ya kuchaji. Ikionyesha alama ya tone la maji, usilazimishe.

Demani

Hata hiyo S9 ipande botini ndani ya begi lilelile. Mtoto akiitumia ufukweni, iwe kwenye mfuko wa zipu uliolazwa bapa juu ya kioo. Mguso unafanya kazi kupitia plastiki nyembamba, ila matone yakikaa juu yake kioo kinaguswa ovyo, basi awe na kitambaa cha kuyafuta. Mikono yenye mafuta ya kujikinga na jua ifutwe kabla ya kushika zipu. Jioni suuza begi na mifuko kwa maji baridi, geuza ndani nje, anika kivulini.

Na picha na masomo vinakiliwe kwenye diski ya nje mkiwa bado nyumbani, kisha diski ibaki huko.